Maswali ya Wasomaji: Seli Zinazojimeng'enya na Mishipa ya Damu Inayochipua

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi otofajia, yaani kazi ya seli kumeng'enya sehemu zake yenyewe. Tuligusia pia kwamba kazi hiyo inazihusu perisiti, seli zinazoishikilia mishipa midogo ya damu kwa nje. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala nzima, kutoka Bukavu, Goma na hata Lubumbashi. Zilizofanana tumeziunganisha.

Mwanafunzi wa biolojia ya tiba, Ibanda (Bukavu): *Je, otofajia inasaidia mishipa ya damu kuchipua ama inaizuia? Profesa wetu anasema inasaidia. Mimi nimesoma kwamba inazuia.*

Profesa wako hajakosea, na ulichosoma nacho si uongo. Tatizo ni kwamba mshipa una seli za aina mbili, na kila aina inajimeng'enya kwa sababu zake.

Kapilari ni bomba lenye upana wa mikromita 5 hadi 10. Ukuta wake wa ndani ni seli za endotelia, ndizo zinazogusana na damu. Kwa nje, zikiwa zimefunikwa na utando wa msingi uleule, kuna perisiti: kiini kimetokeza upande mmoja, na mikono mirefu inalizunguka bomba. Mfaransa Charles Rouget alizieleza mwaka 1873. Jina la perisiti likaja na Zimmermann mwaka 1923. Hazikutawanywa sawasawa mwilini. Kwenye retina ya jicho utakuta karibu perisiti moja kwa kila seli moja ya endotelia, ilhali kwenye misuli ya mifupa zinaweza kuwa moja kwa mia. Ndiyo maana jicho huumia mapema perisiti zikianza kufa.

Sasa tazama mshipa unavyochipua. Tishu iliyokosa oksijeni hutoa VEGF, protini inayochochea mishipa kuota. Endotelia hutoa angiopoietini-2, inayolegeza mshiko wake na perisiti. Vimeng'enya hukata utando wa msingi, seli moja ya ncha inatangulia kuifuata VEGF, na zilizo nyuma yake zinagawanyika na kulirefusha shina. Bomba likishakuwepo, endotelia hutoa PDGF-BB kuziita perisiti, ambazo zina kipokezi chake, PDGFR-beta. Zikifika, perisiti hutoa angiopoietini-1, na hiyo ndiyo inayoiamuru endotelia itulie. Mshipa ulioshikwa na perisiti unatulia. Usio nazo unavuja, unavimba hapa na pale, na unaendelea kuchipua ovyo.

Otofajia inaingia katika kila hatua hiyo. Seli ikikosa amino asidi, breki iitwayo mTOR inaachia. Protini za ULK1 na Beclin 1 zinaanzisha utando mpya unaofunga kipande cha saitoplazimu, kwa mfano mitokondria iliyochakaa. Kifuko hicho chenye kuta mbili, otofagosomu, kina upana wa mikromita 0.5 hadi 1.5. Huungana na lisosomu, ambayo ndani yake pH ni kati ya 4.5 na 5, na mzigo unavunjwavunjwa ili utumike tena.

Ukiiondoa ATG5, protini inayohitajika kwa otofajia, kwenye endotelia iliyooteshwa maabara, seli hizo zinachora mirija michache. Hapo profesa wako anashinda. Lakini panya waliobaki na nakala moja tu ya jeni la Beclin 1, walipowekwa kwenye oksijeni haba, waliota mishipa mingi zaidi. Hapo unashinda wewe. Kwa perisiti za retina jambo linategemea ukali wa msongo: zikikutana na LDL (chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu) iliyoharibiwa na sukari na oksijeni kwa kiasi kidogo, otofajia inazikinga, kiasi kikiwa kikubwa, otofajia hiyohiyo inashiriki kuziua.

Kwa hiyo kuidhoofisha otofajia ndani ya endotelia kunaweza kupunguza machipukizi, na kuidhoofisha ndani ya perisiti kunaweza kuyaongeza, kwa kuwa mshipa umeachwa bila breki. Machipukizi hayo ya pili ni mengi lakini ni mabovu. Tunaona swali la "inasaidia au inazuia" halina jibu mpaka utaje seli ipi, msongo kiasi gani, na wakati gani wa uotaji.

Mtafiti kijana, Bukavu: *Niliweka klorokwini mikromola 20 kwa saa 24 kwenye mchanganyiko wa endotelia za kitovu na perisiti. LC3-II ilipanda sana, mirija kwenye Matrigel ikapungua. Nimeandika kwamba klorokwini inaongeza otofajia na kwamba otofajia inazuia mishipa. Mkubwa wangu wa labo amekataa kutia sahihi. Kwa nini?*

Afadhali amekataa. Kuna mambo matatu yaliyochanganyika hapo, na la kwanza ndilo linalowaangusha watu wengi.

LC3-II ni protini iliyobandikwa kwenye ukuta wa otofagosomu. Ukiiona nyingi, umeona vifuko vingi tu. Ni sawa na kukuta malori yamejaa mpaka wa Ruzizi: ama biashara imeongezeka, ama kizuizi kimefungwa na hakuna linalovuka. Klorokwini, dawa ya zamani ya malaria, inafunga kizuizi. Inaharibu kazi ya lisosomu na kuzuia vifuko visiungane nayo, kwa hiyo LC3-II inarundikana huku umeng'enyaji umesimama. Sentensi yako ya kwanza imegeuza maana ya matokeo yako.

Kinachotakiwa kupimwa ni mtiririko, yaani kiasi kinachofika kwenye lisosomu na kumeng'enywa. Andaa visima vinne: seli za kawaida, seli za kawaida na bafilomisini A1 (dawa inayozima lisosomu), seli zenye dawa unayoichunguza, na seli zenye dawa hiyo pamoja na bafilomisini. Bafilomisini iwe nanomola 100, nayo iwekwe saa 2 za mwisho tu, zisizidi 4, maana ikikaa sana inaziua seli. Inayeyushwa kwenye DMSO, basi visima visivyo nayo navyo vipewe DMSO kiasi kilekile, isizidi 0.1%.

Kisha linganisha tofauti. Tuseme seli za kawaida zina LC3-II ya 1.0 bila bafilomisini na 3.0 zikiwa nayo: mtiririko ni 2.0. Zenye dawa zina 2.5 bila bafilomisini na 2.7 zikiwa nayo: mtiririko ni 0.2. Ukitazama safu ya kwanza tu utasema dawa imeongeza otofajia mara mbili na nusu, kumbe imeiziba karibu yote.

Kwenye bloti yenyewe (western blot, njia ya kutenganisha na kupima protini), tumia jeli ya 12% hadi 15% na mikrogramu 20 hadi 30 za protini kwa kila mstari. Utando uwe PVDF wenye vitundu vya mikromita 0.2; ule wa 0.45 unaipitisha LC3 hadi upande wa pili, na utabaki kuilaumu antibodi bure. Uloweshe kwanza kwenye methanoli. LC3-I itaonekana karibu na kilodalton 16 na LC3-II karibu na 14. LC3-II ndiyo nzito zaidi kwa kweli, ila mafuta yaliyobandikwa juu yake yanaifanya ikimbie haraka kwenye jeli. Usigawanye LC3-II kwa LC3-I: antibodi nyingi haziishiki I sawasawa na II, na LC3-I inaharibika sampuli ikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Gawanya kwa aktini au kwa jumla ya protini kwenye mstari. Pima pia p62, protini ambayo otofajia huimeng'enya, lakini usiiamini peke yake, kwa sababu msongo wa oksijeni unaifanya seli itengeneze p62 mpya hata kama umeng'enyaji unakwenda vizuri.

Jambo la pili: klorokwini haigusi otofajia peke yake. Kwa panya wenye uvimbe wa saratani, ilituliza mishipa kupitia kipokezi cha Notch1 kwenye endosomu (vifuko vya ndani ya seli) za endotelia, hata pale ambapo ATG5 ya endotelia ilikuwa imeondolewa. Rapamisini nayo, inayotumiwa kuamsha otofajia, inafanya hivyo kwa kuizima mTOR, na mTOR ikizimwa seli inapunguza kukua na kugawanyika. Hata kuziacha seli kwenye maji ya chumvi bila seramu kunaondoa virutubisho na vichochezi vya ukuaji kwa pamoja. Ukitumia dawa au njaa pekee, hujui mirija imepungua kwa lipi.

Unahitaji kuzima jeni. Tumia siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni) ya ATG5 au ATG7, nanomola 20, usubiri saa 48 hadi 72, kisha uhakikishe kwenye bloti kwamba mstari wa ATG5 iliyoungana na ATG12, karibu na kilodalton 55, umefifia kabisa. ATG5 kidogo ikibaki, otofajia inaweza kuendelea. Tumia mifuatano miwili tofauti ya siRNA. Na hili ndilo tungelikazia kuliko mengine yote: zima kwenye perisiti peke yake, zioshe, ndipo uzichanganye na endotelia ambazo hazikuguswa. Kesho yake fanya kinyume. Dawa ukiimwaga juu ya mchanganyiko inazipata seli zote mbili, na swali lako lilikuwa hasa juu ya moja.

La tatu ni Matrigel, jeli ya protini ambayo seli hupandwa juu yake. Iyeyushe usiku kucha kwa nyuzi 4, ndani ya barafu. Sahani na ncha za pipeti nazo ziwe baridi, maana inaganda ikishapata joto kidogo. Weka mikrolita 50 kwa kila kisima cha sahani ya visima 96, bila povu, kisha nyuzi 37 kwa dakika 30. Endotelia kama 15,000 kwa kisima, na perisiti moja kwa kila endotelia tano. Piga picha saa ya 4 hadi ya 6, urudie saa ya 16. Chagua Matrigel iliyopunguzwa vichochezi, vinginevyo vile vilivyomo ndani yake vitafunika tofauti unayoitafuta.

Makosa ya hapo ni ya kawaida. Jeli ikijikunja kwenye kingo, seli zote zinakimbilia katikati. Dawa ya saa 24 ikiua robo ya seli, mirija itapungua hata kama uotaji haukuguswa. Pima uhai wa seli kwanza. Tena perisiti peke yake, bila endotelia hata moja, zinaweza kujipanga mistari kwenye Matrigel ukadhani ni mishipa. Zipake rangi mbili tofauti kabla ya kuchanganya, uhesabu mirija ya endotelia tu.

Msomaji huyohuyo anaongeza: *Nitajuaje kwamba nilizonazo ni perisiti kweli, si fibroblasti?*

Kwa alama moja hutajua. PDGFR-beta iko kwenye perisiti, lakini fibroblasti nyingi nazo wanayo. Dai angalau NG2 (alama nyingine ya perisiti) na PDGFR-beta ziwe chanya, CD31 (alama ya endotelia) iwe hasi, na uone umbo: seli pana yenye mikono mirefu isiyo sawasawa. Aktini ya misuli laini usiitegemee. Kwenye kapilari nyingi perisiti hazina kiasi kikubwa chake, ila zikikaa siku nyingi kwenye plastiki ngumu zinaanza kuitengeneza na kugeuka kitu kingine. Tusingefanya jaribio la otofajia kwa seli zilizohamishwa chupa (passage) zaidi ya mara 7 au 8. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha kazi: zichanganye na endotelia, uone kama zinakwenda kulala juu ya bomba, au zinabaki zimetawanyika katikati ya matundu ya wavu. Zinazotawanyika zitupe.

Fundi wa labo, Muhungu (Bukavu): *Inkubeta inaonyesha CO2 5%, lakini DMEM (maji ya kulishia seli) inageuka pinki ya kuelekea zambarau kila asubuhi. Nimebadilisha chupa, hali ni ileile.*

Chupa haina kosa. Rangi hiyo inasema pH imepanda, na kwako sababu ni mbili.

Ya kwanza ni mwinuko. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ina shinikizo la kama milimita 635 za zebaki badala ya 760. Ndani ya inkubeta yenye unyevu wa nyuzi 37, toa 47 za mvuke wa maji. Pwani, 5% ya 713 ni karibu 35.7. Kwako, 5% ya 588 ni 29.4. CO2 inayoingia kwenye maji ya seli inafuata shinikizo hilo, si asilimia, kwa hiyo pH yako iko juu kwa kama 0.08. Kuilinganisha na pwani ungehitaji 6.1%. Goma hesabu ni karibu ileile. Lubumbashi, iliyo chini kidogo, ni kama 5.8%.

Lakini usikimbilie kitufe. Angalia kwanza kihisi cha mashine. Kinachopima kwa mwanga wa infraredi kinahesabu molekuli zilizopo, na kama kilisawazishwa pwani bila kurekebishwa kwa mwinuko, "5%" yake huenda tayari ina shinikizo la kutosha. Kinachopima kwa upitishaji joto kinakupa asilimia ya hewa iliyopo. Njia ya kukata mzizi wa fitina ni kuacha maji ya seli bila seli usiku mzima, mfuniko ukiwa umelegezwa, na asubuhi kupima pH kwa mita ndani ya dakika moja baada ya kufungua mlango. Tafuta 7.2 hadi 7.4.

Sababu ya pili ni DMEM yenyewe. Ile ya gramu 3.7 za bikaboneti kwa lita ilitengenezwa kwa CO2 ya karibu 10%, hivyo kwa 5% iko juu hata Mombasa. M199, aina nyingine ya maji ya seli, yenye gramu 2.2 itakusumbua kidogo tu.

Ukiwa unapima otofajia jambo hili si la mapambo. Klorokwini ni besi dhaifu, na pH ya nje ikipanda inaingia ndani ya seli kwa wingi zaidi. Mikromola 20 za kwako si sawa na mikromola 20 za aliyeandika makala kutoka pwani. Oksijeni nayo imeshuka: "hewa ya kawaida" ya inkubeta yako ina milimita 123 badala ya 150. Kwa hiyo andika shinikizo kwenye ripoti, si asilimia tupu, na seli za kulinganisha zikae kwenye mashine ileile. Umeme ukikatika usiku, usivune sampuli asubuhi. Baridi na pH iliyoyumba ni msongo tosha. Badilisha maji, ziache siku nzima.

Mwalimu wa sekondari, Katuba (Lubumbashi): *Ni kweli mambo haya yaligunduliwa na Mbelgiji?*

Nusu yake ni kweli. Christian de Duve wa Louvain aliielezea lisosomu mwaka 1955, na mwaka 1963 akaipa otofajia jina lake. Alipata Nobel mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na George Palade. Jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi ilibaki gizani mpaka Yoshinori Ohsumi wa Japani alipotumia chachu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alichukua chachu isiyo na vimeng'enya vya kuvunja protini ndani ya vakuoli (lisosomu ya chachu), akainyima chakula, na vifuko vikarundikana hadi vikaonekana kwa hadubini ya kawaida. Kutoka hapo akapata jeni zinazoitwa leo ATG. Nobel yake ni ya mwaka 2016.

Mama wa Kadutu (Bukavu): *Niko na ugonjwa wa sukari tangu miaka minane, nakunywa glibenklamidi. Docta wa macho alisema mishipa midogo ya jicho imeanza kulegea. Kwenye kanisa letu wanasema kufunga siku tatu bila kula kunasafisha seli. Nifunge?*

Hapana, Mama, usifunge siku tatu ukiwa unatumia dawa hiyo. Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala, na kazi yake ni ya saa nyingi. Usiku wa kwanza sukari inaweza kushuka chini ya 70 (mg/dL) ukiwa umelala. Ukihisi kutetemeka, jasho baridi, njaa kali au kuchanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 70, kunywa maji yenye vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari, ngoja dakika 15, upime tena; ikiwa bado chini, rudia, kisha ule chakula cha kawaida. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Wanaosema kufunga kunaamsha otofajia hawakuitoa hewani. Kwa panya wa maabara, saa 24 bila chakula zinaiamsha sana kwenye ini na misuli. Lakini mnyama mdogo vile kwa saa hizo anapoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Siku moja yake si siku moja yako. Kubwa zaidi ni kwamba perisiti ya jicho iliyokwisha kufa hairudishwi kwa kufunga.

Kilichotokea jichoni ni hiki. Sukari ikikaa juu kwa miaka, perisiti za retina hufa mapema. Mahali zilipoondoka ukuta wa kapilari unavimba vidoto vidogo, na damu na mafuta vinavuja. Baadaye kapilari nyingine zinaziba, retina inakosa oksijeni, inatoa VEGF, na mishipa mipya inachipua juu yake bila perisiti za kutosha. Hiyo ndiyo inayopasuka na kujaza jicho damu, au kuvuta retina ikabanduka. Kwa muda mrefu hakuna maumivu wala giza, na ndiyo hatari yake: watu wanangoja dalili.

Jicho lipimwe kwa matone yanayopanua mboni, si kwa kusoma herufi ukutani tu. Baada ya tropikamidi ngoja dakika 20 hadi 30. Utaona ukungu kwa saa kadhaa, basi uje na mtu, usiendeshe pikipiki mwenyewe, na ubebe miwani ya jua. Aliye safi anarudi baada ya mwaka. Wewe ambaye imeshaanza, daktari atakupangia mapema zaidi, na tarehe hiyo usiiruke. Kama leza inahitajika, itachoma sehemu za pembeni za retina ili zipunguze kutoa VEGF. Kama ni sindano, mara nyingi ni bevasizumabu, miligramu 1.25 katika mililita 0.05 tu, inayoifunga VEGF yenyewe. Hurudiwa, sindano moja ikionyesha nafuu haina maana kwamba umemaliza.

Nyumbani kazi yako ni sukari na presha. Presha iwe chini ya 140/90, na chini ya 130/80 kama daktari anaona inafaa. Sukari ishuke kwa utaratibu: iliyokaa juu miaka mingi ikiangushwa ghafla, jicho linaweza kuzidi kwa miezi ya mwanzo, kwa hiyo kabla ya kubadilishiwa dawa mwambie daktari wa sukari kwamba macho yameshaguswa. Ukiona nyuzi nyeusi zinaelea ghafla, mwanga wa kumulika, au kama pazia linashuka upande mmoja, nenda siku hiyohiyo.

Ukitaka kufunga kwa imani, ongea kwanza na daktari wako juu ya dawa, na kanisa litakuelewa ukifunga kitu kingine kisicho chakula.

Papa wa Himbi (Goma): *Nakunywa hidroksiklorokwini miligramu 400 kila siku kwa ajili ya viungo, mwaka wa sita sasa. Mlisema dawa za jamii hiyo zinazuia otofajia. Zinaharibu mishipa ya macho yangu? Niache?*

Usiache mwenyewe, Papa. Hatari yake kubwa jichoni haiko kwenye mishipa. Iko kwenye seli zinazopokea mwanga na tabaka la rangi lililo chini yake, ambapo dawa hujikusanya kwa miaka. Kinachoamua ni dozi kwa uzito. Isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito halisi kwa siku. Ukiwa na kilo 80, miligramu 400 ziko kwenye mpaka. Ukiwa na kilo 60, mwisho wako ni 300, na unakunywa kupita kiasi. Kwa klorokwini yenyewe mpaka ni mdogo zaidi, miligramu 2.3 kwa kilo, kwa hiyo usibadilishe moja kwa nyingine kwa sababu duka limeishiwa.

Kipimo cha retina hufanywa katika mwaka wa kwanza wa dawa, na kuanzia mwaka wa 5 kila mwaka. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia tamoksifeni, anaanza mapema. Wewe uko mwaka wa sita, kwa hiyo kama hujapimwa umeshachelewa, na uharibifu ukishatokea haurudi hata dawa ikiachwa. Klorokwini za zamani zinazouzwa kwa jina la dawa ya malaria usiziguse: Kongo iliacha kuitumia kwa malaria mwaka 2001, na ikizidi kidogo tu inaweza kuusimamisha moyo. Ukienda kwa daktari beba boksi la dawa, upimwe uzito siku hiyohiyo, na uulizie kipimo cha figo.